Nataka mtoto, nina kifafa, na mume wangu hajui

Sista, pokea salamu kutoka Kisumu. Jina langu na mtaa wangu naomba uvifiche, maana wifi zangu wanasoma safu hii.

Nina miaka 26 na ni fundi cherehani. Nilianza kuanguka nikiwa kidato cha pili. Ilikuwa asubuhi, tuko kwenye foleni ya uji, na usiku wake tulikuwa tumekesha tukisomea mtihani. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kwenye saruji peke yangu, sketi imelowa, wenzangu wamesimama mbali wakiniangalia. Mmoja alisema nisiguswe, eti povu lile likikupata na wewe unaanza kuanguka. Shule ikanirudisha nyumbani. Huko nyanya akasema ni marehemu babu, hakuzikwa inavyotakiwa, kwa hiyo ameniandama. Tulizunguka kwa waganga, kisha kwenye maombi ambako niliambiwa nifunge kula, na huko huko nikaanguka tena. Shangazi yangu ndiye aliyenitoa akanipeleka hospitali ya misheni, nikaandikiwa Epilim, nikatulia.

Tangu hapo nimeshikwa mara chache sana, na karibu zote ni asubuhi baada ya kulala matanga. Ndiyo maana watu wa kwetu hawajaacha kusema ni wafu. Na mimi, sista, wakati mwingine nashindwa kuwabishia. Kwa nini niwe mzima miezi yote hiyo, halafu nianguke siku ya mazishi?

Kliniki niliacha kwenda zamani. Nina ile karatasi ya dawa ya kwanza, imechanika kwenye mikunjo, naionyesha dukani na kijana ananiuzia.

Mwaka jana niliolewa. Mume wangu ni dereva wa matatu ya Kisumu kwenda Busia, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Hajui chochote. Tembe naziweka kwenye mkebe wa vifungo, chini ya vifungo. Siku moja alinikuta nikimeza, nikamwambia ni za vidonda vya tumbo. Ni mtu mzuri, hajanikosea lolote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mama mkwe yuko Alego. Kila akipiga simu lazima aulize kama kuna habari. Nami mtoto namtaka. Sasa hivi majuzi nikasoma ile karatasi iliyo ndani ya boksi la Epilim, nikakuta dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nikaacha siku hiyo hiyo. Imepita wiki mbili. Sijaanguka, lakini asubuhi mikono inaniruka. Nimevunja vikombe viwili wiki hii, chai inamwagika kabla sijaifikisha mdomoni, na Jumatatu nilidungwa kidole na sindano ya cherehani. Hilo la mikono lilikuwepo kidogo kidogo tangu shule. Niliona ni wasiwasi tu, sijawahi kumwambia daktari.

Jirani amenishauri nihamie Tegretol, kaka yake anaitumia na haanguki tena. Nimeshanunua boksi, sijaifungua.

Naomba unijibu. Nikae bila dawa mpaka nijifungue? Mtoto atazaliwa na kifafa? Mume wangu nimwambieje? Na mwisho wa mwezi kuna matanga Alego, natarajiwa nilale huko siku tatu kama mke wa boma. Nitafanyaje?

Fundi, Kisumu

*

Fundi mwanangu, sehemu ya kwanza ya jibu hili nilikutumia kwa simu siku barua yako iliponifikia, kwa sababu haikuwa ya kungoja. Naichapa tena hapa kwa ajili ya wanawake wengine wanaoficha tembe kwenye mikebe yao.

Nenda hospitali asubuhi ya kesho. Omba upimwe mimba kwanza, kabla ya kuandikiwa kitu chochote. Epilim usiirudie kwa kukisia kipimo mwenyewe, na lile boksi la Tegretol lisifunguliwe. Ukifika mapokezi sema hivi: nina kifafa, nimeacha dawa ghafla wiki mbili zilizopita, na mikono imeanza kuruka. Usiseme umekuja kwa ajili ya kichwa au uchovu, ukaishia kupewa Panadol. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, hatari kubwa ni kushikwa mfululizo, hili halijaisha lile linaanza, bila fahamu kurudi katikati. Hali hiyo huua, na anayepona anaweza kubaki na jeraha la ubongo. Wewe unahesabu siku ambazo hujaanguka. Mimi nahesabu vikombe.

Hivyo vikombe ndivyo vilivyonifanya niisome barua yako mara ya pili. Watu wengi wakisikia kifafa wanafikiri ni ule mwanguko mmoja tu: mtu anakakamaa, anatupa mikono na miguu, anatoka povu, anajikojolea. Kumbe kifafa kina sura nyingi. Kuna mtoto anayeduwaa darasani kwa sekunde chache akachapwa kwa kutosikiliza. Kuna mtu mzima anayetafuna hewa na kuvutavuta vifungo vya shati huku haelewi anaulizwa nini. Na kuna mikono inayoruka asubuhi, mtu yuko macho na anajua kila kitu, ila kijiko au kikombe kimeshamtoka. Chanzo chao ni kimoja. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na kwa mwenye kifafa hutokea kundi la chembe likafyatua umeme wake kwa pamoja, bila mpango. Kinachoonekana nje kinategemea umetokea sehemu gani ya ubongo na umeenea kiasi gani.

Siwezi kukupima kwa barua. Lakini msichana aliyeanza kuanguka katika ujana, anayeanguka asubuhi, aliyekosa usingizi usiku wake, na ambaye mikono humruka anapoamka, anamkumbusha daktari aina moja ya kifafa inayojulikana vizuri, ambayo kwa kawaida huanza kati ya miaka 12 na 18. Aina hiyo husikia dawa vizuri sana ikipewa dawa inayoifaa. Wengi huhitaji kuendelea na dawa kwa miaka mingi, pengine maisha yote, na kwa sababu hiyo mpango wa kukaa bila dawa haukufai.

Tegretol, yaani karbamazepini, ni dawa nzuri, na inawezekana kabisa imemsaidia kaka ya jirani yako, kwa kuwa kifafa chake yeye huenda kinaanzia sehemu moja ya ubongo. Kwa aina ninayoishuku kwako, dawa hiyo inaweza kuzidisha kuruka kwa mikono, hata kuleta mianguko zaidi. Fenitoini nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo daktari asiyejua habari za vikombe anaweza kukuandikia dawa itakayokudhuru, na kosa halitakuwa lake. Mwambie. Ukiweza, mwombe mtu akurekodi kwa simu asubuhi unapojaribu kushika kikombe kitupu. Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Sasa habari ya wafu, maana najua ndiyo inayokulaza macho. Hebu tazama unachofanya ukienda matanga. Unasafiri jioni. Unakesha nje kwenye baridi, kwa nyimbo na vilio, pengine na muziki mpaka alfajiri. Unakula saa sita usiku au huli kabisa. Umelia. Na tembe zako ziko wapi? Ama umeziacha Kisumu, ama ziko kwenye mkoba uliowekwa nyumba ambayo imejaa mawifi, na huwezi kumeza mbele yao. Usiku mmoja bila usingizi na bila dawa unatosha kabisa kumwangusha mtu mwenye kifafa cha aina yako, tena asubuhi, saa ile ile unayoanguka wewe. Siku ya foleni ya uji hapakuwa na maiti. Palikuwa na usiku wa kusomea mtihani. Kwenye maombi pia hapakuwa na maiti, palikuwa na kufunga kula na, kama nazijua ibada hizo, kukesha.

Babu yako hakuhusika, mwanangu. Na sisemi hivyo kwa kudharau mila za nyanya yako. Alitafuta sababu kwa alichokuwa nacho mkononi, kwa kuwa alikupenda. Ukipenda kusali, sali, na uombewe. Ila mchungaji anayekwambia utupe dawa ili kuonyesha imani amekuweka kwenye hatari, na unaruhusiwa kumkatalia.

Na lile povu ni mate tu. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kumgusa aliyeanguka. Watoto wa shule wanaachana sakafuni mpaka leo kwa sababu ya uongo huu, na unanikera kila ninapousikia.

Tuje kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Uliyoyasoma ni kweli, na inanisikitisha kwamba uliyajua kwa karatasi wakati ulipaswa kuyajua kwa mdomo wa mtu. Dawa iliyo ndani ya Epilim ni valproeti. Kati ya watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, karibu 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo ulio wazi, mdomo uliopasuka au kasoro ya moyo. Kwa akina mama wote kwa jumla ni kama 2 au 3 katika 100. Tena watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hao wanaweza kuchelewa kuongea, kutembea au kujifunza. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, lilishauri valproeti isitumiwe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Zipo hali ambazo daktari na mgonjwa hulazimika kubaki nayo, kwa kipimo kidogo na baada ya kuelewana vizuri. Lakini msichana kupewa, kisha akaendelea kuuziwa dukani miaka yote hiyo bila mtu kumuuliza kama anataka mtoto, hilo halikubaliki.

Hofu yako ilikuwa na msingi, basi. Ila mbele yako kuna njia ya tatu. Kuna dawa nyingine. Levetirasetamu ni mojawapo: inafanya kazi kwa kifafa cha aina ninayoizungumzia, na katika dawa za kifafa ni mojawapo ya zile zilizoonekana salama zaidi kwa mtoto tumboni. Lamotrijini pia imo katika zile zilizoonekana salama zaidi kwa mimba, ingawa kwa baadhi ya watu haitulizi mikono. Daktari atachagua, na kwa kawaida hubadilisha kidogo kidogo, moja ikipanda huku nyingine ikishuka. Wewe umeshaikata ile ya kwanza, kwa hiyo ataamua aanzie wapi. Hilo ni kazi yake, si yako wala ya kijana wa dukani.

Mfululizo mzuri ni huu: dawa mpya kwanza, kisha miezi ya kuangalia kama umetulia, kisha mimba. Katikati hapo zuia mimba, na mwulize muuguzi wa uzazi wa mpango njia inayoelewana na dawa utakayopewa, maana karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu za tembe za kupanga uzazi na za kile kijiti cha mkononi. Levetirasetamu haina shida hiyo. Omba pia asidi ya foliki uanze kabla ya mimba. Madaktari wengi huwapa wenye kifafa miligramu 5 kwa siku. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne hivi za mwanzo, wakati ambapo mama wengi hata hawajui kama wamebeba, kwa hiyo ukingoja mpaka siku ya kliniki ya wajawazito umechelewa.

Na kama kipimo cha kesho kitaonyesha tayari una mimba, usilie kwenye choo cha hospitali ukarudi nyumbani kimya. Rudi kwa daktari na karatasi hiyo mkononi. Bado kuna mengi ya kufanya, ikiwemo picha ya mtoto karibu na wiki ya 20. Kukaa bila dawa kabisa si kumlinda. Ukianguka kwa tumbo, au ukashikwa mfululizo, mtoto naye hukosa hewa.

Wanawake wengi wenye kifafa hujifungua watoto wazima. Nimewahudumia wodini, nimewakabidhi watoto wao mikononi. Kinachotakiwa ni kliniki ya mara kwa mara, kwa kuwa mimba hupunguza dawa mwilini na kipimo huenda kikaongezwa, na kujifungulia hospitalini. Kwenye kijitabu chako cha kliniki kiandikwe kifafa kwa herufi kubwa. Mjamzito asiyejulikana ana kifafa akishikwa, wakunga watafikiria kwanza kifafa cha mimba, kile kinachotokana na presha kupanda. Na wewe ukishikwa wasidharau presha, waipime. Kunyonyesha utanyonyesha.

Kuhusu kurithi: aina kama yako hutembea kidogo katika damu, lakini watoto wengi wa mama mwenye kifafa hawapati kifafa. Mtu yeyote asikutishe uache kuzaa kwa sababu hiyo. Huku kwetu Nyanza na Magharibi vifafa vingi tena havihusiani na kurithi hata kidogo. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya bodaboda bila kofia, mayai ya minyoo ya nguruwe yaliyoingia na chakula kichafu yakatengeneza uvimbe kwenye ubongo. Mengi ya hayo yanazuilika.

Mume wako. Nimefikiria sana sehemu hii. Hukumwambia kwa kuwa umewahi kuachwa kwenye saruji na watu waliokujua, na siwezi kukulaumu. Ila fikiria usiku mmoja anarudi kutoka Busia, anakukuta umekakamaa sakafuni, hajui ni nini. Atafanya nini? Atakushika kwa nguvu, atakutia kijiko mdomoni akuvunje meno, au atakumwagia maji. Mtu anayelala kitanda kimoja na wewe ndiye anayeweza kukuokoa, na umemnyima maarifa ya kukuokoa.

Mwambie siku yake ya mapumziko, mchana, ameshakula, simu imewekwa mbali. Usianze na uongo wa vidonda vya tumbo. Anza na ugonjwa wenyewe: tangu kidato cha pili nina kifafa, natumia dawa, nimekuficha kwa kuogopa utaniacha. Kisha mpe nafasi akasirike. Atakasirika, na ana haki. Usimtetemekee wala usimjibu kwa ukali. Halafu mwombe jambo moja ambalo anaweza kulifanya, yaani mwende kliniki pamoja. Wanaume wengi huogopa wasichokielewa, wakimsikia daktari akieleza wanapoa. Siwezi kukuahidi atapokea vizuri. Nakwambia tu kwamba ndoa yenye mkebe ule inaning'inia siku zote, na siku atakapojua kwa kukuona umeanguka itakuwa vibaya zaidi.

Mfundishe afanye hivi. Aangalie saa. Aondoe vitu vya moto na vya makali karibu nawe, aweke nguo laini chini ya kichwa, alegeze kitu chochote kilichokukaba shingoni. Asikuzuie mikono, asitie kitu mdomoni, asikuvutishe kitunguu wala kiatu. Ukitulia, akulaze ubavu ili mate yatoke nje, akae nawe mpaka uongee vizuri. Mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili au tatu. Ikipita dakika tano, au ukishikwa tena kabla ya kuzinduka, au umeumia, au una mimba, ni hospitali moja kwa moja. Tuktuk inafaa, utalazwa ubavu kwenye kiti. Bodaboda haifai hata kama ipo mlangoni.

Mama mkwe na matanga. Mwache mume wako amwambie mama yake, baada ya nyinyi wawili kuelewana, na mwende pamoja. Safari hii mfike asubuhi ya mazishi. Ukilazimika kulala, lala kweli, ndani ya nyumba, na dawa umeze saa yako hata kama kuna watu. Kuna watakaosema mke wa fulani ni mvivu wa mikesha. Waseme. Na ukishajifungua utamhitaji mama huyo kuliko unavyodhani, kwa sababu mtoto mchanga huiba usingizi, na usingizi kwako ni sehemu ya dawa. Mtu wa kumshika mtoto usiku ili upate saa chache mfululizo atakufaa kuliko zawadi yoyote. Nadhani mwanamke aliyelea watoto Alego atalielewa hilo akielezwa kwa heshima.

Kazi usiache. Ila kwa sasa, mpaka mikono itulie, usikalie cherehani mara tu unapoamka. Kata vitambaa, pima wateja, shona baadaye mchana. Chai imimine mtu mwingine. Jiko la makaa usiliinamie ukiwa peke yako, na bafuni usijifungie kwa komeo. Wenye kifafa hufa kwa moto na maji zaidi ya watu wanavyofikiri, na ziwa liko hapo karibu, kwa hiyo kuogelea na kuchota maji ya kina peke yako sahau.

Pa kwenda ni karibu nawe. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kisumu, au ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wazee bado wanaiita Russia, uulize siku ya kliniki ya kifafa au ya daktari wa magonjwa ya ndani. Hospitali nyingi za kaunti huwahudumia wenye kifafa kwenye kliniki moja na ya afya ya akili. Ukielekezwa huko usigeuke njiani kwa kuogopa kuonekana, wahudumu wa pale ndio wenye uzoefu. Huenda ukahudumiwa na klinikal ofisa badala ya daktari bingwa, maana madaktari bingwa wa ubongo ni wachache Kenya na wengi wao wako Nairobi. Klinikal ofisa aliyezoea kifafa anatosha kwa wagonjwa wengi. Wasomaji wa Nakuru waende hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, ile ambayo watu bado wanaiita PGH, na wa Kakamega vivyo hivyo.

Unaweza kuambiwa upimwe EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Wanakubandika nyaya kichwani, hakiumi. Kikitoka safi haimaanishi huna kifafa, na pasipo nacho matibabu yanaweza kuanza kwa historia yako tu. Kama hujajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, piga *147#. Hata hivyo uliza kabla ya kila kipimo kama kinalipiwa au utatoa mfukoni. Levetirasetamu ni ghali kuliko dawa za zamani, na hospitali ikiishiwa utatumwa dukani. Jua bei kabla dawa haijaanza, na nunua ya mwezi unaofuata kabla ya ile ya mkononi kubaki ya wiki moja.

Beba boksi la Epilim, karatasi yako iliyochanika, na hilo boksi la Tegretol pia walione. Andika kwenye karatasi tarehe unazokumbuka za kuanguka na usiku wa kabla yake ulilala saa ngapi. Ukiandikiwa Epilim tena bila mtu kukuuliza habari za mimba, uliza wewe: kuna dawa nyingine salama kwa mtoto? Ukijibiwa kwa kupuuzwa, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Kuomba rufaa ni haki ya mgonjwa, na matatu za Eldoret zipo Kisumu kila siku.